Kadi Namba Sifuri

Neema, afisa wetu wa takwimu, ameniambia niandike kabla sijasahau. Nimemjibu kwamba shida yangu si kusahau. Tangu nilipokabidhi funguo za chumba cha kadi, kila asubuhi ikifika saa moja kasoro miguu yangu inataka kutoka, na mimi inanibidi niikalishe chini kwa kikombe cha chai. Basi nawaandikia ninyi mnaokaa sasa kwenye lile dirisha, na wale watakaokuja baadaye wakute programu iliyoandikwa na mtu wasiyemjua. Vyeo sitavitaja, maana havikubadilika sana. Mshahara nao sitautaja, kwa sababu hiyohiyo.

Nilizaliwa Kilosa. Baba alikuwa mtu wa reli, akafariki nikiwa darasa la sita. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Mimi ndiye mkubwa, nyuma yangu wakiwepo Selemani, Mwajuma, na Idi ambaye alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baada ya arobaini ya mama, shangazi yetu alikuja kutugawa: huyu aende Kimamba kwa mjomba, huyu apande Vidunda, yule mdogo abaki kwake. Nikamwambia hatugawanyiki.

"Utawalisha nini?" akaniuliza. "Heshima?"

Jumatatu iliyofuata sikwenda shule. Nilisikia kwamba kuna hospitali ndogo upande wa Mikumi inatafuta mtu wa kufua mashuka. Nikaenda na Idi mgongoni.

Mashuka sikuyafua. Asubuhi ile nyani walikuwa wameingia kwa dirisha katika chumba cha kadi, wakitafuta ndizi ya karani, na walipoikosa walilipiza kisasi kwenye rafu. Kadi za wagonjwa zilikuwa zimezagaa sakafuni mpaka barazani. Muuguzi mkuu, Bi Salome, alinitazama mimi, akamtazama mtoto, akauliza, "Alfabeti unaijua?"

"Naijua."

"Ipange."

Nilipanga siku tatu. Siku ya nne karani hakurudi kazini, mimi nikabaki. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, na mpaka leo nikiona nyani barabarani namwonea aibu kidogo, kama mtu aliyenifanyia hisani nisiyoilipa.

Kazi ya kadi ilikuwa hivi. Mgonjwa akija mara ya kwanza anapewa namba kwenye kikaratasi, na kadi yake inawekwa rafuni kwa namba hiyo. Akirudi na kikaratasi, unaivuta kadi mara moja. Lakini vikaratasi hufungwa kwenye pindo la kanga, na kanga hufuliwa. Ukikosa namba, utafute kwa jina, na majina ya watu wetu mnayajua: ukiita Ramadhani barazani wanasimama wanne na mmoja anaitika kwa niaba ya baba yake. Kadi ikikosekana, mgonjwa anaandikiwa mpya, na daktari anaanza upya kama vile hajawahi kumwona. Mtu ameugua miaka kumi, lakini kwetu amezaliwa leo.

Kompyuta ya kwanza ililetwa na wafadhili, ikakaa ndani ya boksi miezi mingi kwa kuwa kila mtu aliogopa kuwa wa kwanza kuiharibu. Aliyeifungua ni Fundi Mkude. Huyu alikuwa fundi umeme wetu, mtu wa jenereta na mashine ya eksirei, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa fyuzi. Alisema, "Kuharibu ndiyo kazi yangu. Nikiwaachia ninyi mtaninyang'anya ugali."

Ndani ya kompyuta hiyo aliweka Visual Basic, toleo la sita. Sisi tuliiita VB. Diski aliipata Morogoro, pamoja na kitabu cha fotokopi kilichokosa sura ya kwanza. Kwa hiyo mimi nilianza programu sura ya pili, na utangulizi wake siujui mpaka leo.

Nilimwambia Kiingereza changu kiliishia kidato cha pili. Akachukua kalamu akaandika maneno manne: If, Then, Else, End If. "Kama, basi, vinginevyo, mwisho wa kama," akasema. "Binti, Kiingereza chote cha kazi hii hakijazi pindo la kanga."

Alikuwa na sharti moja. Hugusi mashine kabla hujachora. Alinipa bahasha kuukuu za picha za eksirei, nikawa nachora upande wa nyuma: hapa kisanduku cha jina, hapa cha kijiji, hapa kitufe cha kuhifadhi. Nikikosea vipimo ananirudishia bila neno. Ndipo siku moja, saa kumi jioni, wagonjwa wa nje wameshatibiwa na kwenda, akaniambia nikae kwenye kiti.

Nataka niwaelezeni nilichokiona, kwa sababu wengi wenu hamtakiona tena. Katikati ya skrini palikuwa na fomu tupu ya kijivu, yenye vidoti vidogo vilivyojipanga kama mbegu kwenye kitalu. Kushoto palikuwa na sanduku la vifaa. Unashika kitufe kwa kipanya, unakiburuta, unakiweka kwenye fomu, kinakaa palepale ulipokiweka. Ukikibonyeza mara mbili, inafunguka karatasi nyeupe inayokuuliza: kikibonyezwa, nifanye nini? Unajibu. Unabonyeza F5, na kile ulichokichora nyuma ya bahasha kinasimama mbele yako kinafanya kazi. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, nina watoto watatu nisiowazaa, na katika maisha yangu hakuna kitu kilichokuwa kimewahi kukaa pale nilipokiweka. Nilikibonyeza kitufe kile mara nyingi mno.

"Kinatosha," Fundi Mkude akasema. "Utakichosha."

Programu ya kadi ilituchukua msimu mzima wa mvua. Ilipokuwa tayari, Fundi alifanya jambo lililochekesha hospitali nzima. Alichukua kadi tupu ya mgonjwa akaijaza. Jina: Programu. Kijiji: Chumba cha Kadi. Namba: sifuri. Kila programu ilipoumwa, tuliandika kwenye kadi yake: tarehe, dalili, uchunguzi, dawa. "Inaganda ikiandikiwa jina lenye ritifaa (ng'). Tumerekebisha." Na kila Ijumaa, kabla hajaenda msikitini, alitaka nichape mistari yote ya programu kwenye ile printa ya utepe iliyolia kama cherehani, nikunje karatasi, nizitie kwenye jalada la kadi namba sifuri, rafu ya kwanza kabisa.

"Ipo kwenye kompyuta, Fundi," nilimwambia. "Karatasi ya nini?"

"Na mgonjwa moyo wake upo kifuani. Mbona Bi Salome anauandika kwenye kadi?"

Sasa nifike kwenye kosa langu, maana mwenye kueleza kazi akaficha kosa lake huwa anajisifu tu. Programu ilitaka tarehe ya kuzaliwa, na wazee wetu wengi hawana tarehe. Atakwambia alizaliwa mwaka wa mafuriko, na mafuriko Kilosa si ya mara moja. Makarani wenzangu walikuwa wanakwama. Nikawarahisishia: kisanduku cha tarehe nikakijaza mapema, tarehe moja Julai, asiyejua aache ilivyo. Wote wakaacha ilivyo. Baada ya muda Fundi akatazama orodha akavua miwani.

"Tindiga nzima ilizaliwa siku moja," akasema. "Huyo mkunga alipumzika saa ngapi?"

Tulicheka. Wiki hiyohiyo akalazwa Asha Ramadhani wa Tindiga, aliyezaliwa tarehe moja Julai. Nikatafuta, kadi ikatoka, safi, haina alama nyekundu ya dawa inayomdhuru. Bi Salome alikuwa ameshavuta penisilini kwenye bomba la sindano mgonjwa alipoinua mkono.

"Mwanangu, hiyo si ndiyo ile mliyonichoma nikavimba mpaka macho yakafumba? Hamkuandika?"

Tulikuwa tumeandika. Kadi yake ilikuwa rafuni, na alama nyekundu juu. Niliyoitoa mimi ilikuwa ya Asha Ramadhani mwingine, wa Tindiga hiyohiyo, wa tarehe moja Julai hiyohiyo.

Nilikwenda kukaa nyuma ya jenereta. Bi Salome hakunigombeza, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Jioni nikarudi wodini kumwomba msamaha mama yule. Nikamuuliza, kwao wanamtofautishaje na yule mwenzake. Akanishangaa.

"Yule ni Asha wa kwa Mwalimu Pius. Mimi Asha wa Mzee Binde, mwenye mashine ya kukoboa. Mtoto mdogo anajua."

Nikachora kisanduku kipya nyuma ya bahasha. Nilikiita "Nani anamjua?" Fundi Mkude alikaa nacho muda mrefu. Kisha akaweka kanuni ambayo ninyi mmeirithi: atajwe mtu wa karibu, anayefikiwa kwa baiskeli kutoka nyumbani kwa mgonjwa kabla chai haijapoa. Ndugu wa Dar es Salaam hahesabiki. Nami nikaongeza kanuni yangu: kisanduku kikiwa kitupu, programu isihifadhi kitu. Ijitokeze sentensi moja, "Nani anamjua huyu?", na isiondoke mpaka ijibiwe.

"Urefu wa kisanduku?" nikauliza.

"Herufi hamsini. Anayejulikana na wengi kuliko hapo haumwi huyo, anagombea udiwani."

Siku hiyohiyo nikazivuta rafuni kadi za wadogo zangu kuzijaza. Selemani: Dada Hadija. Mwajuma: Dada Hadija. Idi: Dada Hadija. Mimi mwenyewe sikuwa na kadi. Sikuwahi kupata nafasi ya kuugua.

Miaka ya katikati ilikwenda upesi na sina mengi ya kuisimulia. Programu ikifanya kazi vizuri haina hadithi. Selemani alimaliza ufundi akaenda Tunduma. Mwajuma akawa mwalimu, yuko Songea, ana wajukuu. Idi alikuwa wa mwisho kuondoka. Nilimpeleka kituoni Mikumi, akapanda basi la Mbeya, akafungua dirisha akasema, "Dada, nitakupigia nikifika." Alipiga. Hata sasa hupiga, sikukuu. Kila mmoja alipokwenda, nilihamisha kadi yake kwenye rafu ya waliohama, kama sheria inavyotaka.

Kisha Fundi akanipa habari kwamba walioitengeneza VB wameacha kuiendeleza. Alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa mbali. "Itaendelea kufanya kazi, ila haitazaa." Yeye mwenyewe alistaafu mwaka uliofuata, akarudi kwao milimani Vidunda kulima maharage. Tulimzika huko. Ijumaa ya baada ya mazishi nilichapa karatasi kama kawaida, nikazitia kwenye kadi namba sifuri, halafu nikakaa palepale sakafuni mpaka mlinzi akaja kuuliza kama nafunga.

Radi ilipiga miaka michache baadaye. Kompyuta niliyokuwa naandikia programu iliungua pamoja na VB na diski yake. Ya dirishani ilipona, nayo ilikuwa na programu iliyokamilika na kumbukumbu zote za wagonjwa. Ilikuwa kama kuwa na mkate bila kujua tena unga ulikuwa wa nini: unatafuta, unaandikisha, lakini huwezi kubadilisha hata rangi ya kitufe. Tukaishi hivyo. Mashine ile ikazeeka, nami nikazeeka nayo.

Neema alikuja nikiwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Ametoka chuoni, afisa wa takwimu, anaongea haraka. "Shikamoo dada." "Marahaba." "Dada, hii mashine inatoa moshi." Kweli ilikuwa inatoa. Daktari mkuu akaamua kompyuta zote zibadilishwe, na programu mpya ianze na namba moja. Kadi za zamani ziende stoo. Nikamwambia, "Dokta, watu hawa wote watakuwa wageni." Akanijibu kwa upole kwamba nina mpaka siku yangu ya mwisho kazini, kama siku hiyo wagonjwa wa zamani watapatikana kwenye mashine mpya, atawaacha. Wasipopatikana, stoo.

Basi tukaanza kutafuta warithi wa VB. Neema alileta kwanza yule rasmi, toleo jipya la kampuni ileile, mwenye jina la familia. Anafanana na mzazi kwa sura, lakini ni kama mtoto aliyesomea ng'ambo: unamsalimia, anakuomba kitambulisho. Nilitaka kisanduku, yeye akataka kwanza nimweleze kisanduku ni kitu cha aina gani. Sina ugomvi naye, ni msomi. Akaja Lazarus. Neema, ambaye ni mtu wa kanisa, alifurahia jina. "Huyu ndiye wa kutoka kaburini, dada." Fomu yake ilinigusa, vidoti vilikuwepo, lakini lugha ni nyingine, na mimi kwa miezi iliyobaki sikuwa na lugha nyingine kichwani. Akanionyesha pia zile za kwenye simu, ambapo watoto wanaunganisha vipande vya rangi kama mchezo. Nilizipenda. Kama ningekuwa na miaka kumi na mitano ningeanzia hapo.

Mwisho akaweka Gambas, ambayo ni ya bure na inakaa kwenye zile kompyuta za Linux alizoziweka kwa sababu ya virusi vya flashi. Akaniachia kiti. Fomu tupu katikati, vifaa pembeni. Nikaburuta kitufe, nikakibonyeza mara mbili, ikafunguka karatasi nyeupe. Nikaandika mstari mmoja. Kidole kikaenda F5 chenyewe, na fomu ikafanya kazi.

"Dada, unalia?"

"Macho. Skrini yenu ina mwanga mwingi."

Unga ulikuwa rafuni. Nikaivuta kadi namba sifuri, jalada nene kama la mgonjwa wa kisukari, na tukaanza kunakili upya kutoka kwenye zile karatasi za Ijumaa. Neema anasoma, mimi naandika. Mistari mingi ilipita bila kubadilika. Mmoja ukakataa. Mahali pengi nilikuwa nimeandika agizo la VB linalosema: kosa likitokea, endelea mstari unaofuata kama vile hakuna kitu. Pembeni yake palikuwa na penseli ya Fundi Mkude, ambayo sikuwahi kuiona: "Hadija, hivi unavyoishi wewe usiifundishe mashine."

Neema alisoma kwa sauti. Gambas haina agizo hilo. Inakutaka useme: jaribu, na likikushinda, lidake ulitaje jina. Ilinibidi nirudi kila mahali nilipopita kimya na kuuliza ni nini hasa kingeweza kuharibika pale. Hiyo peke yake ilituchukua mwezi. Kumbukumbu za wagonjwa Neema alizihamisha kutoka kwenye ile mashine ya dirishani kabla haijazima.

Ubishi wetu pekee ulikuwa juu ya kisanduku. "Nani anamjua? Dada, siku hizi watu wana namba za utambulisho."

"Wanazo nyumbani, kabatini. Wanakuja hapa na homa."

Siku yangu ya mwisho daktari mkuu alikuja, akasimama nyuma ya kiti cha Neema. "Nitafutieni mtu," akasema. "Asha Ramadhani, Tindiga." Sijui nani alimsimulia, nashuku Bi Salome, ambaye siku hizi hutembea kwa fimbo lakini ulimi wake unakimbia. Wakatokea saba. Wote Julai mosi. Daktari akakunja mikono. "Yupi hapaswi kuchomwa penisilini?"

Neema hakunitazama. Aliteremka na kidole. "Wa Mzee Binde, mwenye mashine ya kukoboa. Huyu hapa, alama nyekundu."

Daktari akakunjua mikono. "Kisanduku hicho kiacheni," akasema, akaondoka. Hotuba nyingine za siku ile sizikumbuki. Soda zilikuwa za moto.

Wiki mbili baadaye kichwa kilinigonga, nikaja hospitali kupimwa presha. Dirishani alikaa binti mgeni, aliyeanza kazi baada yangu. Hakunijua. Jina, akaandika. Kijiji, akaandika. Tarehe ya kuzaliwa, ninayo. "Nani anakujua, mama?"

"Niandike Selemani."

"Yuko wapi?"

"Tunduma."

"Kanuni inasema awe wa karibu."

"Mwajuma basi," nikasema, kisha nikakumbuka Songea iko wapi. Idi sikumtaja. Nikamwambia aache wazi. Akabonyeza kuhifadhi, na sentensi yangu ikajitokeza mbele yake, kwa maneno yaleyale niliyochora nyuma ya bahasha.

"Inakataa, mama."

"Najua inakataa."

Foleni nyuma yangu ikaanza kunung'unika. "Taja hata jirani, mama, tunaumwa!" Kisha kibibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye benchi akainua uso akanikazia macho. "Huyu si Dada wa kadi? Binti, andika Asha wa Mzee Binde."

"Mzee Binde alishafariki, na Tindiga ni mbali," nikasema.

"Siku hizi nakaa kwa mwanangu, hapo nyuma ya soko. Andika."

"Na mimi, Mosi wa mashineni," akasema mwanamume wa nyuma yake, yule yule aliyekuwa ananung'unika. "Huyu ndiye aliyeipanga upya kadi ya baba yangu nyani walipoitupa sakafuni." Mama mwenye mtoto naye akasema jina lake, na mlinzi kutoka mlangoni akasema la kwake. Binti aliandika, akaandika, akasimama.

"Imegoma tena. Imejaa. Nimwache nani?"

Herufi hamsini za kisanduku, niliziweka mwenyewe. Neema, kama unasoma, ongeza.